Msuguano kati ya rola na bamba: modeli nne za uviringishaji baridi, na ipi ikufae

Kushusha ukanda wa chuma kutoka mm 0.80 hadi mm 0.56 kunahitaji nguvu kiasi gani? Unene na kipenyo cha rola unavipima mwenyewe. Ukinzani wa chuma unaupata maabara. Msuguano ndio hauji na cheti. Haukai ndani ya oili peke yake, wala ndani ya rola peke yake. Unazaliwa pale ukanda unapobanwa, na kesho yake oili ikipoa kidogo au rola ikilainika, umebadilika.

Ndiyo maana kuna modeli nyingi za msuguano, na wengi hukwama kati ya ile rahisi isiyojua kitu kuhusu oili na ile nzito inayotaka data ambazo kiwanda hakina. Hapa tunazipanga nne: kizigeu cha msuguano kisichobadilika, kigezo cha m, kizigeu kinachofuata kasi, na modeli ya utando mseto. Mfano utakuwa ukanda wa chuma chenye kaboni kidogo, wa aina inayoishia kuwa mabati ya kuezekea: huanza kama koili ya moto ya unene wa milimita mbili hivi, ikaviringishwa baridi hadi chini ya nusu milimita, ndipo ikapakwa zinki.

Vigezo vya kulinganisha

Swali la kwanza, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko mengine: kati ya siku uliyopima na siku unayotaka kutabiri, ni kitu gani kitabadilika? Unene, kasi, oili, au uso wa rola? Modeli inayokufaa ni ile iliyobeba kitu hicho ndani yake. Ikiwa hakimo, hakuna hesabu itakayokiingiza.

Baada ya hapo tunaangalia data unazohitaji, uzito wa hesabu, namna modeli inavyokosea, na nani itamfaa.

Pasi ya mfano

Ili tusizungumze hewani, tuchukue stendi (fremu inayoshika rola) ya rola nne, na pasi moja, yaani ukanda kupita mara moja kati ya rola. Ukanda una upana wa m 1, unaingia ukiwa mm 0.80 na kutoka mm 0.56, yaani upunguzaji wa asilimia 30. Rola za kazi zina nusukipenyo cha mm 200 na zinazunguka kwa m/s 10. Ukinzani wa wastani wa chuma kisichoruhusiwa kupanuka pembeni (2k) ni MPa 690. Mvuto wa mbele na wa nyuma, yaani mkazo unaounyoosha ukanda pande zote mbili za rola, una wastani wa MPa 120, kwa hiyo rola zinapambana na MPa 570.

Kwa mbinu ya kukata ukanda vipande vyembamba, iliyoanza na mlinganyo wa von Kármán wa 1925, kanieneo la wastani ni:

p = 570 × (eˣ − 1) / x, ambapo x = μL/h

μ ni kizigeu cha msuguano, h ni unene wa wastani (mm 0.68) na L ni urefu wa mgusano, √(R′ × 0.24). R′ si mm 200, kwa sababu rola hubonyea. Fomyula ya Hitchcock inasema R′ = R(1 + C × P/Δh), na C kwa rola za chuma ni takriban 2.2 × 10⁻⁵ mm²/N, R ikiwa nusukipenyo cha rola, P nguvu kwa kila milimita ya upana, na Δh punguzo la unene (mm 0.24). Nguvu inabonyeza rola, rola iliyobonyea inarefusha mgusano, mgusano mrefu unaongeza nguvu. Kwa hiyo hesabu inarudiwa: kwa μ = 0.05, mzunguko wa kwanza unatoa MN 5.2, wa pili 6.6, wa tatu 7.0, kisha inatulia kwenye 7.2. Anayeishia mzunguko wa kwanza amekosa zaidi ya robo ya nguvu, na kosa hilo linaweza kuwa kubwa kuliko atakalolifanya kwa kuchagua modeli mbaya ya msuguano.

| μ | Nguvu (MN) | R′ (mm) | Mtangulio (%) |
|---|---|---|---|
| 0.03 | 6.0 | 310 | 3.1 |
| 0.05 | 7.2 | 332 | 5.7 |
| 0.06 | 8.0 | 347 | 6.5 |
| 0.07 | 9.0 | 365 | 7.1 |

Mtangulio ni kiasi ambacho ukanda unatoka kwa kasi zaidi ya uso wa rola. Hapa umekadiriwa kutokana na nukta tulivu, mahali ambapo kasi ya ukanda na ya rola ni sawa, mvuto ukiachwa kando. Jedwali hili tutalirudia mara kadhaa.

1. Kizigeu kisichobadilika (μ ya Coulomb)

*Inavyofanya kazi.* Mkazo wa msuguano ni sehemu ileile ya kanieneo kila mahali: τ = μp. Kanieneo likipanda katikati ya mgusano, msuguano unapanda nalo, nao unazidi kulipandisha. Ndiyo maana nguvu inakua kwa eˣ.

*Data.* Namba moja. Lakini namba hiyo inatoka wapi? Kwa oili iliyochanganywa na maji, chuma huwa kati ya 0.03 na 0.08, na safu hiyo ni pana mno kwa kazi ya kweli. Kuna njia mbili za kuipata kwenye mashine yako. Ya kwanza ni kusoma nguvu kwenye vipima mzigo na kurudisha hesabu nyuma hadi μ ipatikane. Ya pili ni kupima mtangulio: chora alama moja nyembamba kwenye rola, pitisha ukanda, kisha pima umbali kati ya alama mbili zilizojichapa kwenye ukanda. Rola ya kipenyo cha mm 400 ina mzingo wa mm 1256.6, ukikuta alama ziko mbali kwa mm 1328, mtangulio ni asilimia 5.7.

Njia hizi mbili hazina nguvu sawa. Angalia jedwali: μ ikipanda kutoka 0.03 hadi 0.05 nguvu inaongezeka kwa asilimia 20 tu, wakati mtangulio unakaribia kuongezeka maradufu. Kutoka 0.06 hadi 0.07 mambo yanageuka: nguvu inapanda kwa zaidi ya asilimia 12, mtangulio kwa asilimia 9. Zaidi ya hapo, nguvu inachanganya kosa la μ na kosa la ukinzani wa chuma. Koili ikiwa ngumu kuliko ulivyodhani, hesabu itakuambia oili ni mbovu. Mtangulio hautegemei sana ukinzani huo, kwa hiyo msuguano ukiwa mdogo, mtangulio ndio shahidi wa kuaminika. Ukiweza, pima vyote viwili. Vikitoa μ tofauti kabisa, kabla ya kulaumu modeli kagua ukinzani wa chuma na vipima mzigo.

*Inachobeba.* Unene, upunguzaji, mvuto na kipenyo cha rola. Haibebi kasi, oili, joto wala mparuzo wa uso (ukubwa wa vinundu na mabonde yake madogo).

*Hesabu.* Inakaa kwenye lahajedwali. Ukitaka usahihi zaidi, njia ya Bland na Ford ya 1948 inafaa na bado ni nyepesi.

*Inapokosea.* Ukanda ukiwa mwembamba sana, ile eˣ inakimbia na mzunguko wa Hitchcock unakataa kutulia. Fomyula ya Stone inaonyesha ukingo huo: unene wa chini kabisa ni 3.58 × D × μ × 570/E, D ikiwa kipenyo cha rola na E moduli ya unyumbufu wa chuma cha rola. Kwa rola zetu za mm 400 na μ ya 0.05, unapata takriban mm 0.19. Ukikaribia hapo, usiongeze idadi ya mizunguko ukitumaini hesabu itatulia. Dhana ya rola iliyobonyea ikabaki duara ndiyo iliyokwisha muda wake.

Kosa jingine ni kusahau kikomo. τ haiwezi kuzidi k, ukinzani wa chuma dhidi ya kukatwa, hapa MPa 345. Kwenye pasi yetu kilele cha kanieneo ni kama MPa 1100, na τ inafika MPa 55 tu, kwa hiyo hakuna tatizo. Lakini programu kama Abaqus itakuachia τ ipande bila mwisho usipoiwekea kikomo wewe mwenyewe.

*Inamfaa nani.* Anayepanga ratiba ya pasi kwa mashine ileile, oili ileile na kasi ileile. Pia mwanafunzi, na yeyote anayehitaji jibu la kwanza kabla ya chakula cha mchana.

2. Kigezo cha m

*Inavyofanya kazi.* Msuguano ni sehemu ya ukinzani wa chuma chenyewe, si ya kanieneo: τ = mk. m iko kati ya 0 na 1, na 1 maana yake chuma kimenata kwenye rola.

*Data.* Namba moja tena, na hupatikana kwa kurudisha nyuma nguvu iliyopimwa. Kwa pasi yetu, m inayotoa MN 7.2 ni 0.104.

*Inachobeba.* Vilevile kama μ, ila kwa njia nyingine, na hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Chukua pasi inayofuata, mm 0.40 kwenda mm 0.28, upunguzaji uleule wa asilimia 30. Kwa makusudi tusibadilishe MPa 570. μ ya 0.05 inatabiri MN 8.3. m ya 0.104 inatabiri MN 7.2. Modeli mbili zilizokubaliana kabisa kwenye pasi moja zimeachana kwa asilimia 13 kwenye pasi ya pili, bila kitu chochote kubadilika isipokuwa unene. Kwa Coulomb mlima wa kanieneo unajilisha wenyewe. Kwa m unapanda kwa mstari ulionyooka.

Nani mkweli? Inategemea kinachotokea chini ya rola. Kanieneo la kati likiwa dogo, vinundu vya uso vinagusana kwa eneo linalokua pamoja na kanieneo, na Coulomb yuko karibu na ukweli. Eneo la mgusano likishajaa, kuongeza kanieneo hakuongezi tena kitu, na m inaanza kuwa na maana. Modeli ya Wanheim na Bay inaunganisha hali hizo mbili kwa mkunjo mmoja, na kwa anayetumia programu inayoiruhusu ni njia nzuri ya kutochagua upande.

*Hesabu.* Nyepesi kuliko zote, na tulivu. Haina kielezo cha kukimbia, kwa hiyo mzunguko wa Hitchcock unatulia haraka. Watumiaji wa programu ya DEFORM wanaipenda kwa sababu hiyo.

*Inapokosea.* Kwenye mwingilio na mwishilio wa mgusano, ambako kanieneo ni dogo, m inalazimisha msuguano mkubwa kuliko uliopo. Nguvu ya jumla inaweza kutoka sawa huku nukta tulivu na mtangulio vikiwa vimehama. Tena msuguano unageuza mwelekeo ghafla kwenye nukta tulivu, na programu nyingi hulainisha mgeuko huo kwa arctan(v/v₀), v ikiwa tofauti ya kasi kati ya ukanda na rola, na v₀ kasi ndogo unayoichagua mwenyewe. Kwenye pasi yetu tofauti ya kasi kwenye mwishilio ni m/s 0.57 tu. Ukiweka v₀ ya m/s 0.05 uko salama, ukiweka 0.5 umelainisha mgusano mzima na msuguano umepungua bila wewe kujua. Tahadhari hii inaihusu μ pia.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji programu isiyokwama, anayeshughulika na msuguano mkubwa, au anayelinganisha uviringishaji wa moto na wa baridi kwa lugha moja. Kwa ukanda wa baridi wenye oili nzuri, ambako m ni 0.1 tu, hatuoni sababu kubwa ya kuipendelea kuliko μ.

3. Kizigeu kinachofuata kasi

*Inavyofanya kazi.* Kila mwendeshaji anajua kwamba mashine ikipunguza mwendo ili kupitisha sehemu iliyochomelewa, unene unaharibika. Oili huingizwa chini ya rola kwa mwendo. Mwendo ukipungua utando unakuwa mwembamba na msuguano unapanda. Modeli hii inaandika hilo kwa fomyula ya kubuni, mara nyingi ya umbo hili:

μ = 0.04 + 0.04 × e^(−v/7)

Namba hizi ni za kielelezo, zimechaguliwa zikutane na pasi yetu. Kwa m/s 10 zinatoa 0.05, kwa m/s 2 zinatoa 0.07. Rudi kwenye jedwali: nguvu imetoka MN 7.2 hadi 9.0. Kama stendi yako inanyooka mm 1 kwa kila MN 5, skrubu zinazobana rola zinapaswa kushushwa mm 0.36 ili ukanda ubaki mm 0.56. Anayetumia μ isiyobadilika hatazishusha, na mita zote za ukanda zilizopita kwa mwendo wa pole zitatoka nene.

*Data.* Hapa kuna kazi. Unahitaji nguvu, mvuto, unene na kasi kutoka koili nyingi, zikiwemo sehemu za kuanza na kusimama, na si zile za mwendo wa kawaida peke yake. Viwanda vyenye mfumo wa kompyuta wa stendi vinazo tayari. Mara nyingi zimelala tu. Tenganisha data kwa stendi, kwa aina ya chuma, na kwa umri wa rola tangu ilipochongwa upya. Rola mpya ina mparuzo mkali, ikishapitisha kilomita kadhaa inalainika na μ inashuka. Ukichanganya rola mpya na kuukuu kwenye mkunjo mmoja, utapata wastani usioifaa hata moja.

*Inachobeba.* Kasi, pamoja na chochote ulichokiingiza kwenye fomyula: joto la oili, kilomita za rola, asilimia ya upunguzaji. Lakini inayabeba ndani ya safu uliyopima tu. Ukibadilisha oili, unaanza upya.

*Hesabu.* Nyepesi kama ya kwanza, ndiyo maana inaweza kukaa ndani ya mfumo unaoendesha mashine na kujirekebisha kila koili inapokwisha.

*Inapokosea.* Kujirekebisha kwenyewe ni mtego. Kila kosa ambalo mfumo haulielewi (kipima mzigo kilichohama, koili ngumu, kipimajoto kilichokufa) linasukumwa ndani ya μ. Baada ya wiki chache unaona μ ya 0.015 au 0.12 na mashine inaendelea vizuri tu, hadi aina ya chuma inapobadilika. Weka mipaka. Ya chini unaweza kuikokotoa: ili rola ziendelee kuvuta ukanda bila kuserereka, mvuto wa mbele na wa nyuma ukiwa sawa, μ haipaswi kupungua chini ya nusu ya √(Δh/R′), hapa 0.013. Kwa ukanda kushikwa na rola mwanzoni bila kusukumwa, inahitajika √(Δh/R) nzima, karibu 0.035. Mfumo ukikuonyesha μ iliyo chini ya 0.013 na ukanda hauserereki, mwongo ni data.

Kuhusu mtetemo: stendi za mwendo mkubwa hupata mtetemo wa hetzi 120 hadi 250 hivi, unaoacha mistari kwenye ukanda na wakati mwingine kuukata. Namna msuguano unavyobadilika na kasi ni mojawapo ya vinavyoulisha. μ isiyobadilika haina la kusema hapo. Modeli hii inalo, kwa sharti kwamba mteremko wa mkunjo wako umepimwa, si kukisiwa.

*Inamfaa nani.* Kiwanda kinachoendesha mashine ileile kila siku na kinachotaka unene usiyumbe wakati wa kuanza na kusimama. Kwa wengi wa aina hiyo, faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo iko hapa.

4. Modeli ya utando mseto

*Inavyofanya kazi.* Hii haikuulizi μ, inaikokotoa. Mzigo unagawanywa kati ya vinundu vya chuma vinavyogusana na oili iliyonaswa kwenye mabonde yake. Hatua ya kwanza ni mwingilio, pale rola na ukanda vinapofanya kabari inayomeza oili. Wilson na Walowit mwaka 1971 walitoa fomyula ya unene wa utando hapo:

h₀ = 6 η α Ū / (θ [1 − e^(−αY)])

η ni mnato wa oili kwa joto la mwingilio, α ni kasi ya mnato kupanda kwa kanieneo, Ū ni wastani wa kasi za rola na ukanda unaoingia, θ ni pembe ya mwingilio (L/R′), na Y ni ukinzani wa chuma kinapoanza kubanwa. Chukua mnato wa Pa·s 0.03, α ya 1.5 × 10⁻⁸ kwa paskali, Ū ya m/s 8.7 na θ ya 0.027. Mabano ya chini yanakaribia 1. Jibu: mikromita 0.87.

Linganisha na mparuzo. Rola ya mikromita 0.6 na ukanda wa 0.5 vina mparuzo wa pamoja wa √(0.36 + 0.25), yaani 0.78. Uwiano ni 1.1: vinundu vinagusana, oili nayo inabeba. Kwa m/s 2 utando unashuka hadi mikromita 0.17 na uwiano kuwa 0.22, karibu mzigo wote uko juu ya vinundu. Ule mkunjo tuliouchora kwa mkono kwenye modeli ya tatu, hapa unajitokeza wenyewe.

Hatua ya pili ni ndani ya mgusano. Mlinganyo wa von Kármán unatatuliwa pamoja na mlinganyo wa Reynolds (wa kanieneo ndani ya utando wa oili) uliorekebishwa kwa nyuso zenye mparuzo (Patir na Cheng, 1978) na sheria ya vinundu kulainika. Sheria hiyo ndiyo roho ya modeli. Chuma kinachonyooka chini ya rola kina vinundu laini kuliko chuma kilichotulia, na Wilson na Sheu walilionyesha hilo mwaka 1988. Ukitumia sheria ya kawaida ya ugumu, eneo la mgusano litatoka dogo mno na msuguano pia. Mwisho, τ = A τ_kinundu + (1 − A) τ_oili, ambapo A ni sehemu ya eneo inayogusana.

*Data.* Nyingi, na baadhi ni adimu: mnato kwa joto la kweli la mwingilio (oili nyingi za madini hupoteza karibu nusu ya mnato kutoka nyuzi 40 hadi 60), α, mparuzo wa nyuso zote mbili na mwelekeo wake, na msuguano wa vinundu, ambao unategemea viongezeo vya oili na huanzia 0.1 hivi. Huyo wa mwisho karibu kila mara unaishia kurekebishwa hadi hesabu ikubaliane na vipimo. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba modeli hii haina namba ya kukisia. Inayo, imehamia mahali padogo zaidi.

*Inachobeba.* Kasi, mnato, joto, mparuzo wa rola, unene, upunguzaji. Ni hii peke yake inayoweza kujibu: tukichonga rola ziwe laini zaidi, au tukinunua oili nzito zaidi, itakuwaje?

*Hesabu.* Unakisia kasi ya ukanda unaoingia, unatatua hadi mwishilio, unaona mvuto wa mbele haujafika unapotakiwa, unarudi kukisia tena. Milinganyo ni mikaidi karibu na mwingilio; hatua za hesabu pale ziwe ndogo sana, zipanuke baadaye. Programu iliyoandikwa vizuri inamaliza kwa sekunde au dakika. Kuiandika ni miezi.

*Inapokosea.* Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni mnato chini ya kanieneo kubwa. Fomyula ya Barus, e^(αp), kwa MPa 800 inazidisha mnato mara 160,000 na zaidi. Kwenye mwingilio haina neno, katikati ya mgusano inaleta namba za ajabu. Tumia fomyula ya Roelands, au weka kikomo kwenye mkazo wa oili.

La pili ni emulsheni. Stendi nyingi za chuma hazipewi oili tupu bali maji yenye oili asilimia 2 hadi 4. Ukiweka mnato wa mchanganyiko, ambao ni kama wa maji, utando unatoweka. Ukiweka mnato wa oili tupu, kwa mwendo wa pole unapata jibu zuri, kwa sababu matone ya oili yanajipaka kwenye chuma na kufukuza maji. Kwa mwendo mkubwa utando unatoka mnene kupita kiasi: oili iliyojipaka haitoshi tena kushibisha mwingilio. Dalili yake ni modeli kutabiri μ inayozidi kushuka huku vipimo vyako vikionyesha imesimama au inaanza kupanda. Hapo ongeza kikomo cha oili inayopatikana kwa kila mita ya mraba ya ukanda.

Kwenye chuma cha pua kilichopigwa risasi ndogo za kusafishia kuna tatizo jingine: oili inanaswa ndani ya vishimo na kukamuliwa nje chuma kinaponyooka. Modeli za wastani wa mparuzo hazikioni kitendo hicho.

*Inamfaa nani.* Mtengenezaji wa oili, mchonga rola, mtafiti, na kiwanda kinachotaka kuongeza kasi kupita ile kiliyowahi kufikia.

Kwa hali yako

Unapanga pasi za koili mpya kwenye mashine iliyozoeleka, mwendo haubadiliki sana: tumia μ, lakini ipime kwa mtangulio na kwa nguvu, kwa kila stendi peke yake. Stendi ya mwisho haiazimi μ ya stendi ya kwanza.

Unene unakuharibikia mwanzo na mwisho wa koili: nenda modeli ya tatu. Anza na data za kasi nne au tano tofauti kwa rola za umri mmoja, kisha ongeza kilomita za rola.

Programu yako ya kugawa chuma vipande vidogo inakwama kila ukikaribia mm 0.2: jaribu m, au μ yenye kikomo cha τ, na uache Hitchcock utumie hesabu ya rola inayobonyea bila kulazimishwa kuwa duara. Jua kwamba mtangulio utakaoupata kwa m hautakuwa wa kuaminika.

Muuzaji amekuletea oili mpya na anadai itapunguza nguvu kwa asilimia 10: modeli tatu za kwanza haziwezi kumthibitisha wala kumkanusha. Omba mnato kwa nyuzi 40 na 100 pamoja na α, kokotoa h₀ kwa kasi yako ya chini na ya juu kwa oili zote mbili, gawanya kwa mparuzo. Kwa hesabu hiyo fupi huhitaji modeli nzima ya nne. Uwiano ukitoka 0.2 kwa oili zote mbili, tofauti ya mnato haitakusaidia. Muulize kuhusu viongezeo. Ukitoka 0.8 kwa moja na 1.5 kwa nyingine, majaribio kwenye stendi yanastahili gharama yake.

Na kama huna vipima mzigo vinavyoaminika, rekebisha hivyo kwanza.